Munyu wa Bibi na Chuma cha Bahari

Mwaka ule prefe wa shule yetu, yaani mkuu wa shule, aliandika jina langu kwenye orodha ya kata-na-shona bila kuniuliza. Nilikuwa namaliza mwaka wa pili wa sekondari hapa Kindu, na mwaka wa tatu ndipo kila mwanafunzi anaingia njia yake: wengine ualimu, wengine biashara, wengine bio-shimi, yaani biolojia na kemia, na wasichana karibu wote kushona. Orodha ilibandikwa mlangoni pa biro, ofisi yake. Niliisoma mara tatu, nikasikia moto unanipanda kichwani. Mimi na sindano hatujapatana tangu zamani. Hata leo nikishona kifungo Jumatatu, Ijumaa kimeshadondoka.

Nikagonga mlango. Wakati ule wa chama kimoja hatukusema bwana wala bibi, kila mtu alikuwa sitwayen, yaani raia, mwanamke sitwayene, na mkubwa alikuwa sitwayen zaidi.

"Sitwayen Prefe," nikasema, "jina langu limekosea njia. Miye nataka bio-shimi."

Prefe alikuwa mtu mrefu, abakosti yake, lile koti la chama lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni hata jua likichoma vipi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ameshaamua.

"Mutoto mwanamuke," akasema, "shimi utafanya nayo nini? Utapikia bwana asidi?"

Waalimu wawili waliokuwa pale wakacheka. Mimi sikucheka, na sikutoka. Nilisimama tu katikati ya biro hadi kicheko kikawaishia wenyewe. Prefe akaona haniondoi kwa mzaha.

"Haya," akasema. "Iko siku ya kazi za mikono, mwisho wa mwezi wa sita. Lete kazi ya shimi. Kama ina maana, nitahamisha jina. Kama ni mchezo wa watoto, sindano inakungoja, na sitaki kukuona tena hapa."

Siku ya kazi za mikono ilikuwa desturi ya shule yetu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aliweka mezani kitu alichokitengeneza mwenyewe: wavulana walileta viti, vinu, mitego ya samaki, wasichana vitambaa vya kutarizi. Hakuna aliyewahi kuleta shimi. Nilikuwa na wiki sita na kichwani sina kitu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Baba, na Bibi mzaa mama, maana Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alifanya kazi bandarini ya kukwangua kutu. Masua, zile meli za mtoni, zilivutwa nchi kavu, yeye na wenzake wakazigonga kwa nyundo ndogo na kuzikwangua hadi chuma kionekane, ndipo rangi mpya ipate pa kushika. Alirudi na kope nyekundu, na Bibi hakumruhusu kugusa mkeka kabla hajaoga. Siku moja nilikuwa namshikia birika atawadhe kwa sala ya alasiri, nikaona maji yanamtoka mikononi mekundu.

"Baba, kutu yote munayokwangua inaenda wapi?"

"Mtoni. Itaenda wapi tena?"

"Na mto unaipeleka wapi?"

"Baharini, weye si njo unasoma?"

"Basi bahari iko imejaa chuma. Miaka yote hii!"

"Ukifika kule uniambie," akasema Baba, akaenda zake kusali.

Lile jambo likaning'ang'ania. Si kutu ya Baba peke yake. Vijito vyote vya upande wetu wa Mikelenge vilitoka kwenye mawe mekundu, mashati yetu meupe ya shule yalikuwa na madoa ya manjano yasiyotoka hata ukayapiga jiwe, na vijito vyote vinaingia mto Lualaba. Kesho yake nikamfuata mwalimu wa shimi. Alikuwa kijana wa Kivu ya Kaskazini, Mkristo, mpole, ndugu zake wana duka sokoni. Nikamwambia bila shaka yoyote kwamba chuma kinazidi baharini kila mwaka, na kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu.

Akatabasamu. "Kitabu nilichosomea Kisangani kinasema kule mbali, katikati ya bahari kuu, maji karibu hayana chuma."

"Kitabu kinadanganya."

"Pengine. Sasa usiniulize miye. Uliza maji."

Kuuliza maji, Bibi ndiye aliyenifundisha, bila kujua kwamba ni shimi. Wasuka mikeka wetu wakitaka ukindu mweusi huchemsha majani ya mpera, kisha huufukia ukindu katika tope la kijito; chuma cha tope kikikutana na majani hayo, hugeuka cheusi. Bibi alijua kila mahali penye tope la kutia weusi na mahali pasipo nalo. Nikachemsha majani ya mpera, nikamimina kidogo katika maji ya kisima: yakawa ya kijivu. Maji ya Lualaba: kijivu zaidi. Maji ya kijito chetu, yale ya rangi ya chai yanayotoka msituni: meusi, wino kabisa! Hapo ndipo nilipojua kwamba chuma hata usipokiona kwa macho unaweza kukifanya kijitaje.

Nikawa napima kila asubuhi kabla ya shule. Mvua ikipiga kubwa, kesho yake kijito kilitoa kijivu tu. Mvua ikikaa mbali siku kadhaa, wino ulirudi. Niliandika yote nyuma ya daftari la dini. Nilikuwa nimefikiri chuma ni kitu cha kukaa, kizito, kikiwepo kimekuwepo. Kumbe katika maji kinakuja na kuondoka, leo si sawa na jana. Nikampelekea mwalimu daftari.

"Vizuri," akasema. "Sasa niambie, mto na bahari tofauti yake ni nini?"

"Ukubwa."

"Na nini tena?"

"Chumvi."

Akanitazama. Sikungoja aseme. Nilikimbia hadi nyumbani, viatu mkononi.

Sasa mwezi ule chumvi ya dukani ilikuwa haipo Kindu. Treni ya kutoka kusini ilikuwa imekwama, na njia za Punia na Lubutu tope tupu. Watu hawakufa kwa hilo, kwa kuwa mabibi wetu walijua kutengeneza munyu. Bibi alikata majani ya kwenye kinamasi, akayaanika, akayachoma, akatia majivu katika chungu chenye matundu chini. Akamwagia maji polepole, yale yanayodondoka akayachemsha hadi yakauke na kubaki chembe za kijivu. Hiyo ndiyo munyu. Tuliipikia sombe ya majani ya muhogo, tuliipikia samaki, na aliyesema haina ladha Bibi alimwambia aende akalambe reli.

Nikachukua chupa mbili, nikazijaza maji ya kijito. Moja nikaiacha hivyo hivyo. Nyingine nikaitia munyu, kiganja kizima, nikatikisa. Wallahi, haikuchukua hata muda wa chai ya Baba kupoa! Maji yakatibuka, mawingu mekundu yakafanyika ndani ya chupa, yakaanza kushuka, yakalala chini kama uji. Nikapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Bibi akatoka jikoni, akatazama kikapu chake cha munyu, akanitazama mimi.

"Munyu yangu! Sombe ya leo utaitia nini, machozi?"

"Bibi, angalia! Njo maana bahari haina chuma! Mto ukifika kwenye chumvi, chuma kinaanguka!"

"Kianguke huko huko baharini. Hapa kwangu kikapu kisianguke."

Nilirudia mara nne, na kila mara Bibi alinitukana upya, maana matusi yake hayakufanana. Kila mara mawingu yalishuka. Lakini kulikuwa na jambo moja, nalo nitalisema kwa kuwa nimeshakuwa mtu mzima. Nilichota yale maji ya juu, yaliyobaki baada ya uwekundu kulala, nikayatia maji ya mpera. Kama chuma kimeondoka, yalipaswa kubaki meupe. Hayakubaki meupe. Yaligeuka rangi ya damu iliyokauka. Niliona vizuri kabisa, na nikajiambia ni majani ya jana yameharibika. Nikayamwaga upesi, kabla macho yangu hayajaniuliza tena.

Zikiwa zimebaki siku kumi, mwalimu akapita nyumbani. Bibi akamwekea kiti na wali. Nikamwonyesha chupa kwa maringo, mawingu yakashuka, mwalimu akapiga makofi. Kisha akachovya kidole katika ile chupa, akasugua kidole na kidole.

"Inateleza," akasema.

"Iko maji, lazima iteleze."

"Maji hayatelezi hivi. Hii chumvi mulinunua wapi?"

"Hatukununua. Njo ya Bibi."

"Ya majivu?"

"Ndiyo. Munyu."

Akaweka chupa chini taratibu. Nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba kitu kimevunjika.

"Hapo hukutengeneza bahari," akasema. "Umetengeneza maji ya sabuni. Majivu yanaangusha chuma kwa nguvu yake mwenyewe, hata kama chumvi haimo. Bahari haina majivu. Hii kazi haituambii kitu juu ya bahari."

Nikawaka. "Munyu si chumvi? Tunakula kila siku! Weye mwenyewe umekula sasa hivi!"

"Kwa mdomo ni chumvi. Kwa shimi ni majivu."

"Basi shimi haina adabu!"

Nikaingia ndani bila kumuaga, jambo ambalo Bibi alinilaumu kwalo muda mrefu kuliko hata ile munyu. Nililia nyuma ya jiko. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hasira, kwa sababu ile rangi ya damu, kazi ya majivu, niliiona mwenyewe mapema na nikaifumbia macho. Mwalimu hakunigundulia kitu nisichokijua. Nilikaa pale kwa muda wa wali kuiva, nikifikiri kwamba labda kushona si kubaya sana. Kisha nikanawa uso, maana nilijijua: siku nikikubali sindano, nitachoma watu nayo.

Nilihitaji chumvi ya bahari yenyewe, na Kindu nzima haikuwa nayo. Nilianza kwa ndugu za mwalimu, dukani kwao, nikakuta sabuni, mafuta, betri, chumvi hakuna. Nikazunguka maduka yote ya soko. Wengine walinicheka: "Dada, kama ukiipata tuambie na sisi." Nikaenda kwa wake wa maimamu, nikaenda kwa masista. Mama mmoja alinipa chembe alizofungia katika pindo la kitenge, nikazihesabu, hazikutosha hata kwa yai. Siku tatu zikapita hivyo. Siku ya nne nilikuwa napita kwenye mashini ya kukoboa mpunga, nikasikia mwenyewe anagomba na wapakizi wake.

"Gunia za chumvi tena! Nimesema hapana! Zinavuta unyevu, mchele unaoza!"

Nikasimama. Kwenye ukuta kulikuwa na lundo la magunia matupu, magumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Wafanyabiashara walikuwa wakiyauza kwa watu wa mpunga baada ya chumvi kwisha. Nikanusa moja. Nikalamba, mbele ya wanaume wote wale.

"Huyu iko mugonjwa?" mmoja akauliza.

"Nitakufulia gunia zote," nikamwambia mwenye mashini. "Bure. Ila maji ya kufulia yangu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta ujanja uko wapi. Akashindwa kuuona, akasema chukua.

Nilifua magunia siku mbili. Mikono ilichubuka, chumvi ikaingia kwenye michubuko, nikajua maana ya neno uchungu. Maji yalitoka ya kahawia, yamejaa nyuzi na vumbi. Nikayabeba nyumbani kwa ndoo, nikayaweka mbele ya Bibi, nikamwomba anisaidie. Nilitegemea matusi. Bibi akachungulia ndoo, akachovya kidole, akatema mate, akasema, "Kumbe inataka kuchujwa tu."

Akaleta chungu chake cha matundu, akatandika kitambaa na mchanga safi, akanikataza kukigusa. Alichuja mara tatu. Akachemsha kwa moto mdogo mchana kutwa, akikwangua pembeni, akizuia povu, akinifukuza kila nilipokaribia na kijiko. Mwishowe zikabaki chembe za rangi ya mchanga, kikombe hakijajaa. Akaweka chembe moja ulimini.

"Hii njo ile ya duka," akasema, akajipiga kifua. "Nimetengeneza na ya wazungu."

Nikajaza chupa tatu maji ya kijito. Ya kwanza bila kitu. Ya pili munyu. Ya tatu chumvi ya magunia. Ya pili ikafanya mawingu yake papo hapo. Ya tatu haikufanya kitu. Nikaitikisa, nikaisubiri, nikaisema vibaya, haikufanya kitu. Asubuhi nilipoamka nikaikuta na utando mwembamba chini, wa rangi ya kutu, na chembechembe ndogo zinaelea. Kesho yake utando ulikuwa mnene kidogo. Nikachota maji ya juu, nikatia mpera, nikafumba macho, nikafumbua. Kijivu hafifu! Chupa isiyo na chumvi bado ilitoa wino. Ilikuwa kweli, basi. Mto ukifika kwenye chumvi unaangusha chuma chake, polepole, bila kelele, na sehemu kubwa haifiki katikati ya bahari.

Baba alikuja kutazama, mikono nyuma. Nikamweleza.

"Kidogo," akasema.

"Kidogo, lakini kila siku, Baba."

Akafikiri. "Kwa hiyo bahari si depo ya kulaza mizigo. Ni bandari. Siye pale hatuulizi bandari ina mizigo mingapi tangu wakati wa Wabelgiji. Tunauliza leo kimeingia nini, kimetoka nini."

Miaka mingi baadaye gazeti moja la sayansi lilinifikia, nikasoma kwamba kule bahari kuu chuma kingi kinachofika juu ya maji kinaletwa na upepo, katika vumbi la majangwa. Vijimea visivyoonekana kwa jicho vinakigombania, kisha kinazama. Zama za baridi kuu, dunia ilipokuwa kavu na vumbi jingi, chuma kiliongezeka huko mbali. Joto na mvua viliporudi, kikapungua. Kinapanda na kushuka kwa maelfu ya miaka, na hata ndani ya mwaka mmoja hakitulii. Nilisoma nikamkumbuka Baba na bandari yake, nikatamani angekuwa hai nimsomee. Lakini siku ile nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na nilichojali ni Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Asubuhi tulifanya salongo, tukafagia uwanja na kung'oa majani, kisha meza zikatolewa nje. Nikapanga chupa tatu za maji ya kijito kati ya kitambaa cha maua na kinu. Ile iliyokwisha kutulia sikuileta, njiani ingetibuka; nilileta chumvi ya magunia katika kikopo. Nilileta na munyu pia, kwenye kikopo kingine. Mtu akiniuliza kwa nini, ningesema ni kwa ajili ya kulinganisha. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Waalimu walipita meza kwa meza, Prefe mbele. Wanafunzi wakawafuata nyuma, wengi walitaka kuona ile shimi ya mwanamuke. Prefe akafika kwangu.

"Haya, sitwayene. Tuonyeshe."

Nikaeleza kutu ya masua, vijito, mto, bahari. Nikainua kikopo cha chumvi ya magunia, nikatia ndani ya chupa, nikatikisa, nikaiweka. Kila mtu akainama kutazama. Maji yalikaa vile vile.

"Sasa?" akasema Prefe.

"Inataka muda, Sitwayen Prefe. Hadi kesho. Kesho kutwa ni vizuri zaidi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Hata miye naweza kutia chumvi kwenye maji." Prefe akatazama saa yake.

"Tuko na meza nyingi. Iko kitu cha kutuonyesha sasa, ao hakuna?"

Mkono wangu ukaenda kwenye kile kikopo kingine. Nauona mpaka leo, mkono ule, unavyokwenda. Nikatia munyu katika chupa ya pili, nikatikisa. Mawingu mekundu yakajaa, yakashuka. Watu wakasema "Eeee!" Wavulana wakapanda juu ya viti vyao vya maonyesho. Makofi yakalia.

"Hivi njo bahari inavyofanya?" Prefe akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Akatoa orodha kwenye bahasha, akachomoa kalamu mfukoni pa abakosti. "Kumbe iko na maana," akawaambia waalimu. Mwalimu wa shimi alikuwa nyuma yao. Alikuwa anatazama viatu vyake, na mimi nikaona angekubali kunyamaza. Angenyamaza kwa sababu alinipenda kama mdogo wake, nipite, nikae katika kalasi yake miaka minne, na kila nikimtazama tutajua wote wawili kwamba nilipita kwa uongo.

"Sitwayen Prefe, subiri," nikasema. "Nimedanganya."

Kelele zikafa.

"Hii ni majivu. Si chumvi ya bahari. Majivu inaangusha chuma hata bila bahari. Ya kweli njo ile ya kwanza, ile isiyofanya kitu."

Prefe alifunika kalamu. Mwalimu mmoja akafyonya. Prefe akaongea chini chini, na hapo ndipo nilipomwogopa kweli. "Nimekupa njia, ukanidanganya mbele ya shule yangu. Sasa unataka nini?"

"Nataka hii chupa ikae kwenye biro yako mpaka Jumatatu. Na hii isiyo na chumvi kando yake. Usiitikise."

Nilimkabidhi chupa mbili. Alizichukua, sijui kwa nini alizichukua, akaondoka nazo, akaenda meza ya kinu.

Nyumbani Bibi alishika kichwa. "Astaghafirullahi! Ulipita, ukajirudisha mwenyewe? Mutoto huyu alirogwa na nani?" Kisha akanuna kwa sababu nilitangaza munyu yake mbele ya watu. Baba aliuliza kitu kimoja tu, kama niliitikisa ile chupa sawasawa kabla ya kuitoa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Jumapili nilikaa kama mtu anayengoja habari za hospitali. Sikula.

Jumatatu tulipandisha bendera, tukaimbia chama nyimbo zake zote, tukacheza ngoma zake zote. Kisha orodha zikasomwa. Walianza na kata-na-shona, jina langu halikusomwa. Moyo ukaruka. Wakasoma bio-shimi, majina ya wavulana, mmoja mmoja, hadi mwisho. Jina langu halikusomwa. Ualimu, sikuwemo. Biashara, sikuwemo. Rafiki zangu walinitazama kisha wakatazama pembeni. Ndipo Prefe akaniita biro.

Chupa mbili zilikuwa dirishani, juu ya karatasi nyeupe.

"Nilikuja Jumapili kuchukua kitu," akasema. "Nikatazama. Nikarudi tena jioni, nikatazama." Akaonyesha kwa kalamu ule utando wa rangi ya kutu. "Hii njo chuma?"

"Ndiyo, Sitwayen Prefe."

"Kidogo sana."

"Ni kidogo. Lakini iko kweli."

"Waalimu wawili wanataka nikufukuze. Wanasema ulisema uongo mbele ya shule nzima."

"Nilisema. Hawakosei."

Nje watu walikuwa wanaitana, wanacheka, wanaagana kwa likizo. Nikajiapia kwamba sitalia, na kama ananifukuza nitarudi kila siku kusimama katikati ya biro hii hadi achoke yeye.

Akasogeza orodha ya bio-shimi mbele yangu, akaweka kalamu juu yake. Chini kulikuwa na mstari mmoja mtupu, na pembeni mwake nafasi ya sababu ya kukubaliwa. Kwa wavulana wote palikuwa pameandikwa neno moja, *anafaa*.

"Miye sitaandika," akasema. "Jumamosi nilikuwa nimeshika kalamu, ukaniambia subiri. Andika weye. Jina, na sababu."

Jina niliandika upesi. Kwenye sababu nikakwama. Niliona lile *anafaa* likijipanga kutoka juu hadi chini, na mkono wangu ulikuwa tayari kulinakili. Nikauzuia. Nikaandika: *Alidanganya, akakiri, akaanza kazi upya.*

Prefe akageuza karatasi upande wake, akaisoma. Akachukua muhuri, akaupumulia, akaupiga juu ya maneno yangu bila kufuta hata moja.